Mwaka wa Kuomba kwa Kiingereza

Matroni wetu alizikwa Itetemia, Jumanne mchana, pembeni ya shamba lake la mihogo, hatua chache kutoka nyumba aliyoijenga baada ya kustaafu. Taarifa niliiona kwenye kundi la simu la wanafunzi wa zamani. Wengi waliandika pole na kuweka alama za machozi, wachache tulifika. Nilisimama nyuma ya wanawake wengine, jua la utosi likinichoma kupitia mtandio, na ndipo nilipomwona Nkwimba. Kwa sura nisingemtambua. Nilimtambua kwa namna alivyosimama, mwili ameuinamisha kidogo upande wa kulia, kiganja amekilaza juu ya tumbo chini ya kanga, kama mtu anayelinda kitu kisiguswe. Miaka arobaini na moja ilikuwa imepita. Mara ya mwisho kumwona alikuwa amebebwa mgongoni kama mtoto mchanga, kichwa kinaning'inia, na aliyembeba ndiye huyu tuliyekuwa tunamfukia.

Aliniona kabla sijaamua kama nijifiche. Alinyanyua kidevu kidogo, basi. Baadaye tulikaa mkeka mmoja tukala wali wa msibani, na tuliyozungumza nitayaeleza mahali pake. Kwanza niueleze ule mwaka, maana umenifuata maisha yangu yote na sijawahi kuusimulia. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na miwili. Wanafunzi wangu wametawanyika kila mahali, na wengine wakikutana nami sokoni wananishika mikono yote miwili wakinishukuru. Hakuna hata mmoja anayejua nilijifunzia wapi, wala kilichompata mwenzangu wakati mimi najifunza.

Shule yenyewe haipo tena. Majengo yamegeuzwa maghala ya tumbaku. Ilikuwa shule ya wasichana, nje ya mji wa Tabora upande wa machweo, na nyuma ya bweni letu ilipita njia pana ya vumbi. Mwalimu wa historia alituambia ndiyo ile njia ya misafara, ya wapagazi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo shingoni. Sisi tulifulia nguo zetu kando yake. Tulipoambiwa habari hiyo tuliitazama njia kidogo tu, tukarudi kwenye sabuni zetu. Siku hizi nikiikumbuka najiuliza wale watu waliopitishwa pale, kila mmoja na lugha ya kwao, waliombaje maji, na walimwomba nani.

Kidato cha kwanza kilianza kwa wiki sita za somo la Kiingereza peke yake. Mwalimu Mihayo, mwembamba, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, aliugawa ubao kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Upande mmoja aliandika NEED, upande wa pili WANT. Wakati huo alikuwa bado anaruhusiwa kutufafanulia kwa Kiswahili.

"Need ni kitu ambacho ukikikosa utadhurika," alisema. "Want ni kile ambacho moyo unakitamani tu. Anayechanganya hivi viwili ni mtoto mdogo, au ni mwongo. Maji?"

"Need!" tuliitikia.

"Soda?"

"Want!"

"Hospitali?"

"Need!"

"Nyumbani?"

Mkono mmoja tu ulinyanyuka nyuma, wa msichana mrefu aliyekuwa analala kitanda cha chini yangu. "Need," alisema.

Tulicheka. Mwalimu Mihayo hakucheka. Aliandika neno HOME upande wa pili wa mstari, akaligonga kwa chaki mpaka chaki ikavunjika. "Want," alisema. "Utaishi bila nyumbani. Wewe unaitwa nani?"

"Nkwimba."

"Unatoka wapi?"

"Ziba."

"Basi, Nkwimba wa Ziba, utaishi."

Nkwimba alikuwa bingwa wa hesabu kuliko sisi sote, lakini hata Kiswahili kwake kilikuwa cha shuleni. Kwao walizungumza Kisukuma, naye alifikiri kwa Kisukuma, na kabla ya kukujibu chochote alikuwa ananyamaza kidogo, macho chini, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mimi nilikuwa wa mjini. Kisukuma sikukijua zaidi ya salamu na "wabeja," asante. Kila asubuhi nilikuta ndoo yangu imejazwa maji. Sikuwahi kumwomba, naye hakuwahi kuniambia kwamba ni yeye.

Wiki ya saba Mkuu wa Shule alisimama mstarini akatangaza kwamba Kiswahili sasa kimeishia getini. Kitazungumzwa kwenye kipindi chake tu. Mwenye shida yoyote, ya dawa, ya pamba, ya ruhusa ya kwenda hospitali, ataisema kwa Matroni kwa sentensi kamili ya Kiingereza, na asiyeweza atarudi kitandani akaipange mpaka imkae mdomoni. Viranja walipewa daftari za kuandika majina. Siku ile ile, mchana, tuliingia bwaloni wasichana zaidi ya mia mbili, tukala dona na maharage, na kilichosikika kilikuwa vijiko tu. Nimekaa misibani, nimekaa wodini, nimekaa kwenye vyumba vya mitihani. Ukimya kama ule sijausikia tena. Tulitazamana juu ya sahani. Msichana mmoja meza ya pili alipaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na aliyekaa karibu yake akamsukumia kikombe cha maji bila kusema pole, kwa sababu pole kwa Kiingereza hakuijua.

Chumba cha Matroni kilikuwa mwisho wa bweni. Mlango wake ulikatwa katikati, nusu ya chini ikifungwa na nusu ya juu ikiwa wazi, na yeye alikaa nyuma yake na daftari lake la jalada gumu na funguo za kabati la dawa. Nje kulikuwa na benchi. Mambo yalikwenda hivi: ulisimama mlangoni, ulisema sentensi yako, aliandika neno moja au mawili, halafu alisema ama "You can go," akakupa ulichoomba, ama "Wait," akakuonyesha benchi. Wengine walikaa pale benchi mchana kutwa.

Mimi sentensi zilinijia. Sijui kwa nini. Kuna watu wanaimba wakiwa wadogo bila kufundishwa. Baada ya wiki mbili wasichana walianza kunifuata kwenye saruji ya kufulia, wakinong'ona kwa Kiswahili huku macho yanatafuta viranja. "Zuhura, nitungie. Nimeishiwa pamba." "Zuhura, nitungie, jino." Niliwatungia, wakakariri, wakaenda kusimama mlangoni. Waliniletea karanga, waliniletea michembe kutoka kwao, ile ya viazi iliyokauka vizuri ambayo unaitafuna kipindi kizima. Mmoja wa Urambo aliniletea asali kwenye chupa ya dawa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na bweni zima liliomba kwa mdomo wangu. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Alasiri moja ya mapumziko nilipita karibu na chumba cha Matroni nikasikia anaongea peke yake. Nusu ya juu ya mlango ilikuwa imerudishwa. Nilisimama. "I need," alikuwa anasema, polepole, kama mtu anayesali rozari. "She needs. I want. She wants. You can go. Wait. I need. She needs." Alikosea, akarudia mwanzo. Ningepaswa kucheka na kwenda kuwasimulia wenzangu. Badala yake nilibaki pale pale, kwa sababu nilielewa jambo. Matroni hakuwa anaelewa sentensi zetu. Alikuwa anasikiliza neno moja tu ndani yake. Ukisema need, unakwenda. Ukisema want, unasubiri. Mengine yote tuliyokesha tukiyapanga yalikuwa yanampita kama upepo.

Siri ile ningepaswa kuitunza. Sikuitunza. Niliwaambia wateja wangu, "Anzeni na I need, kinachofuata hakina maana," na mambo yakawa mepesi sana kwa muda. Halafu wasichana watatu wakaomba hospitali kwa sentensi niliyowatungia mimi, Mkuu wa Shule akawakuta stesheni ya treni wanakula maandazi na wavulana. Wawili walirudishwa makwao. Wa tatu aling'oa visiki wiki nzima mpaka viganja vikachubuka, lakini hakumtaja aliyemtungia.

Siku mbili baadaye nilikuwa nyuma ya jiko nachambua mchele, dirisha la stoo likiwa wazi juu ya kichwa changu, na nikawasikia Mkuu wa Shule na Matroni ndani. Walikuwa wanazungumza Kiswahili.

"Nani anawatungia hizi sentensi?" Mkuu aliuliza.

"Sijui, mama."

"Utamjua. Na Matroni, nisikilize. Akitoka mwingine kwa uongo, utatoka naye. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Watoto sita wanakutegemea."

"Najua, mama."

Nilichambua mchele ule mpaka nikaanza kutupa punje nzima na kubakiza mawe. Tangu siku hiyo sikumtungia mtu. Waliponifuata kwenye saruji nilitikisa kichwa. Kiangazi kilikuwa kimeshakuwa kikali, Septemba, moshi wa mapori yaliyochomwa umetanda pande zote kiasi kwamba jua lilizama jekundu saa nzima kabla ya wakati wake, na kisima cha shule kilikuwa kinatoa maji ya rangi ya chai. Watu walianza kuugua matumbo. Benchi la Matroni lilijaa. Kila tulipopanga foleni nilimwona anatutazama mmoja mmoja, midomo inacheza bila sauti, na nilijua anatafuta nini.

Nkwimba alianza kuumwa siku ya Alhamisi. Hakumwambia mtu. Mimi niliona tu kwamba asubuhi ile ndoo yangu ilikuwa tupu. Ijumaa alikwenda mwenyewe mlangoni, akasimama, akanyamaza kama kawaida yake akivuka mawe yake, halafu akasema, "I am stomach." Foleni yote ikaangua kicheko. Hata kiranja alicheka. Matroni hakuandika kitu. Alimwonyesha kwa kidole arudi akapange. Nkwimba alirudi kitandani akiwa amejikunja, akalala amegeukia ukuta.

Jumamosi baada ya usafi alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kimelowa.

"Zuhura, niombee."

"Nilishaacha."

"Mara moja tu. Hospitali. Hapa," alisema, akashika chini ya kitovu upande wa kulia. "Hapa kuna kitu."

"Unataka kwenda nyumbani wewe," nilimwambia. Sikusema kwa ubaya. Alikuwa amelia sana kwa ajili ya kwao muhula wa kwanza, na mwenye kulia sana hufika mahali watu wakaacha kumsikia.

"Sitaki nyumbani. Niombee, Zuhura."

Tulikwenda. Nilimshika kiuno, alikuwa anatembea kama bibi kizee. Matroni aliinua macho akamwona Nkwimba, kisha akanitazama mimi, akanitazama sana, na nikaona anaelewa kwamba huyu ndiye mwenye sentensi. Labda hakuelewa chochote. Labda ni woga wangu tu uliosoma hivyo. Nilijua neno gani lingefungua ule mlango. Nilikuwa nimelifundisha bweni zima. Nilijua pia kwamba nikilisema, na Nkwimba akifika hospitali akaonekana hana kitu, swali litakalofuata litakuwa nani aliyemsemea. Kwa want hakuna aliyewahi kuadhibiwa. Nikachagua neno lisiloweza kunidhuru.

"Please, Matron," nilisema, kwa matamshi mazuri, "she wants to go to hospital."

Kalamu yake iliandika. Midomo yake ilicheza. "Wait," alisema, na nikaona amepumua.

Nilimkalisha Nkwimba kwenye benchi. Aliniambia asante. Kengele ya chakula ikalia, na Jumamosi ilikuwa siku ya wali, kwa hiyo nikaenda. Nakumbuka wali ule mpaka leo, ulikuwa na nyanya chungu na mchuzi wa dagaa, na niliomba ukoko nikapewa. Niliporudi alikuwa amelala juu ya benchi, magoti yamegusa kidevu. Nilikaa karibu yake. Wasichana walipita na ndoo, walipita na nguo, wakiruka miguu yetu. Kama saa kumi alasiri alifumbua macho, akanyoosha miguu, akatabasamu.

"Imeacha," alisema.

"Imeacha kabisa?"

"Imeacha. Kitu kimepasuka kama jipu, halafu ikaacha."

Nilifurahi kiasi kwamba nilimkumbatia. Nilimsaidia kurudi kitandani, nikamfunika, nikamwambia unaona, nilijua haikuwa kitu. Matroni alichungulia kutoka mlangoni kwake, akatuona tunaondoka benchini, akafunga daftari. Kila mtu alikuwa na furaha jioni ile. Miaka mingi baadaye nilisimulia dalili hizo kwa daktari mmoja, kama habari ya mtu mwingine, nikaona anavyoweka kikombe chake mezani kabla sijamaliza.

Asubuhi ya Jumapili hakuamka. Yaani macho yalikuwa wazi, lakini hakuwa anatuona. Mdomo ulikuwa umekauka mpaka umepasuka, na alikuwa anazungumza Kisukuma, haraka haraka, bila kunyamaza hata kidogo, mawe yote yameondoka na mto umembeba. Wasichana walisimama kukizunguka kitanda. Hakuna aliyejua kusema hilo kwa Kiingereza, na hakuna aliyethubutu kulisema kwa Kiswahili, mimi nikiwemo. Matroni alikuja kwa sababu ya ukimya wetu, nadhani. Aliinua shuka, akaweka mkono tumboni, akauondoa kama ameunguzwa.

"Mtoto anakufa huyu!" alipiga kelele. "Mko hapa mmesimama, mtoto anakufa! Gari liko wapi? Niitieni gari!"

Kilikuwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, Mkuu wa Shule akiwa tayari mlangoni. Gari la shule lilikuwa limekwenda kuchukua kuni. Matroni hakusubiri kuambiwa. Alimfunga Nkwimba mgongoni kwa kanga mbili, mtoto aliyemzidi urefu, akatoka naye getini karibu anakimbia kuelekea barabara kubwa, na tukasikia baadaye kwamba alisimama katikati ya barabara mpaka lori la tumbaku likasimama.

Nkwimba alipasuliwa mchana ule, kidole tumbo kikiwa kimeshapasuka, na wiki iliyofuata akapasuliwa tena. Aliishi. Alikaa wodini mpaka mvua za kwanza, na shuleni hakurudi.

Jumatatu niliitwa ofisini. Matroni alikuwa amesimama pembeni na daftari lake. Mkuu wa Shule aliuliza kwa Kiingereza nilimwambia nini Matroni, nami nikajibu kwa sentensi iliyonyooka, wakati uliopita, kila kitu mahali pake, kwamba nilisema anataka kwenda hospitali. "Wanted?" aliuliza. "Yes, Madam," nikasema. Alilichukua daftari, akasoma pale Matroni alipoandika want, akanirudishia macho yaliyokuwa karibu na upole. Matroni alinitazama, akatazama sakafu. Hakusema kitu. Nimeufikiria ule ukimya wake kuliko maneno yote niliyowahi kuambiwa.

Mstarini siku hiyo Mkuu wa Shule alisema mwenzetu yuko hospitali akipigania uhai kwa sababu moja tu, kwamba hakujua kueleza shida yake. Kwamba mwenzetu alisema want mahali pa need. Mnaona sasa, alisema, kwa nini tunawasisitizia Kiingereza. Kiranja mkuu alianza kupiga makofi, nasi tukapiga. Tangu wiki ile daftari za majina ziliongezwa.

Matroni hakufukuzwa. Lakini tangu siku ile, kila nilipofika mlangoni kwake, kabla sijafungua mdomo, alisema, "You can go." Nilihitaji sabuni, "You can go." Nilikuja na homa, "You can go," akinipa dawa bila kunitazama. Hakutaka kabisa kunisikia nikisema.

Oktoba alikuja baba yake Nkwimba kuchukua sanduku. Mtu mrefu, kofia ya pama, viatu vya matairi, begani mfuko wa kitambaa. Tulimwamkia "Good afternoon" kwa pamoja, kiranja akiwa nyuma yetu, na nikaona anavyosubiri shikamoo isiyokuja. Alibeba sanduku kichwani, kisha akaliweka chini tena.

"Nani hapa alikuwa rafiki wa mwanangu?" aliuliza, Kiswahili chake kizito kama cha binti yake. "Amesema kuna mwenzake alimsemea. Mama yake ameleta michembe, nimpe mkononi."

Wasichana wote walinitazama mimi, naye akafuata macho yao. Kiranja alifungua daftari.

"I don't know," nilisema.

Uso wake ulifunguka. Alidhani nimemwambia neno jema. "Wabeja, mwanangu," alisema, akaniwekea ule mfuko mikononi, akabeba sanduku akaenda. Michembe niliigawa, na mimi nilikula. Desemba nilipewa zawadi ya Kiingereza kwa kidato cha kwanza, kamusi, nikaipokea kwa mikono miwili.

Kwenye mkeka Itetemia, Nkwimba alikula taratibu, akiokota punje. Aliniambia ana watoto watano, wajukuu, mpunga, ng'ombe wachache waliobaki. Aliniambia Matroni alikuwa anakwenda Ziba kila mwaka baada ya mavuno, anakaa siku mbili, anamsuka nywele, anarudi.

"Hakuwahi kukwambia?" nilimuuliza.

"Kuniambia nini?"

Ningeweza kunyamaza. Kaburi lilikuwa bado bichi pale, na mwingine aliyejua alikuwa ndani yake. Nilimweleza. Nilimweleza need na want, tofauti yake, kwamba Matroni alisikia moja tu, kwamba nilijua, na kwamba nilichagua. Alinisikiliza akiwa ameshika tonge.

"Kwa hiyo si mimi," alisema mwishoni.

"Si wewe."

"Miaka yote nilijua ni mimi niliyekuomba vibaya. Nilifikiri ningekwambia inauma kiasi gani. Nilifikiri nilisema kidogo." Alirudisha tonge sahanini. "Hata mume wangu sikuwahi kumwomba kitu, Zuhura. Niliogopa nitaomba vibaya tena."

Wanawake walikuwa wanakusanya vyombo kando yetu.

"Baba yuko hai," alisema. "Kila mwaka anamtaja yule msichana wa Tabora aliyenisemea. Watoto wangu wanamjua kwa sifa. Twende ukamwambie."

Tulikwenda kesho yake asubuhi, kwa gari mpaka Puge, ambako gari liliacha lami likaingia njia ya Ziba. Mzee alikuwa amekaa chumba cha mbele, kwenye kiti cha kamba, magunia ya mpunga yamepangwa nyuma yake hadi karibu na bati. Haoni vizuri, hasikii vizuri, na Nkwimba aliniambia Kiswahili kimeshamtoka chote, amerudi kwenye Kisukuma. Nilipiga magoti nikasema shikamoo. Kisha nikasema kila kitu, kipande kwa kipande, na Nkwimba aliinama akampitishia sikioni. Sikujua anapitisha nini. Nilipofika kwenye siku ya sanduku nilimalizia kwa kunong'ona, naye akampitishia hiyo pia.

Mzee alianza kusema. Alisema muda mrefu, bila kupandisha sauti, uso ameuelekeza kwangu, mkono mmoja unapanda na kushuka juu ya goti. Mara mbili alinyamaza nikadhani amemaliza, akaendelea. Wajukuu waliokuwa mlangoni waliacha kucheza. Mmoja alinitazama, akatoka nje. Alipomaliza kweli, nilimgeukia Nkwimba.

"Anasemaje?"

Nkwimba alikuwa ameshasimama, anachukua birika na beseni kutoka kwa binti yake.

"Anasema unawe mikono, ule," alisema.

"Hayo tu?"

Alinishikia beseni, akaanza kumimina maji kabla sijanyoosha mikono, yakamwagika sakafuni.

"Ule, Zuhura," alisema.

Nikanawa. Nikala.